Mtego wa Gundi Usiochafua Mkono

Mchuuzi wa dawa za wadudu anayekatiza mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, na kipaza sauti kinachotaja mende, kunguni na panya bila kupumzika, hubeba silaha za namna mbili. Ya kwanza ni sumu: ya unga, ya chenga na ya kupuliza. Ya pili ni gundi: kadibodi iliyokunjwa katikati, ambayo ukiifunua unakuta utomvu mzito unaong'aa, tayari kumnasa yeyote atakayeukanyaga. Tukipima kwa usalama peke yake, gundi ilipaswa kushinda mapema. Haitoi mvuke wa kuvutwa na watoto waliolala, haiachi mabaki kwenye sahani, wala haiwezi kuhamishiwa kwenye chupa ya soda ikaja kunywewa kwa bahati mbaya. Lakini mtu akishaitumia mara moja, mara nyingi harudii. Gundi imemshika vidole, imeshika sakafu, imeshika ufagio na kandambili za aliyeamka usiku kwenda msalani, na asubuhi imemwachia kazi ya kuokota kadibodi iliyojaa mende ambao bado wanatikisa vipapasio vyao. Anaitupa kwa kinyaa na kurudi kwenye dawa ya kupuliza. Kwa hiyo uchafu wa gundi si kero ndogo ya kuvumiliwa. Ndio unaowarudisha watu kwenye sumu, na anayetaka kuwatoa huko hana budi kuwatengenezea mtego wa gundi usiochafua. Ukiitazama historia ya mitego hii, utaona kwamba kila hatua kubwa ilipigwa kwenye sehemu za mtego zisizo na gundi kabisa.

Mashindano ya gundi na sumu ni ya zamani. Katika karne ya 19, nyumba za Uingereza zilitumia karatasi za nzi zilizolowekwa aseniki. Karatasi iliwekwa kwenye kisahani chenye maji, nzi akaja kunywa, akafa. Ilikuwa safi kwa macho, na hilo ndilo lililokuwa hatari yake. Mwaka 1889 mjini Liverpool, Florence Maybrick alishtakiwa kwa kumuua mumewe, James, kwa aseniki, na miongoni mwa ushahidi uliotolewa ni karatasi za nzi alizozinunua dukani na kuziloweka nyumbani. Yeye alisema alikuwa akitengeneza dawa ya kupaka usoni. Alihukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo, na alitoka gerezani mwaka 1904. Watu wamebishana juu ya hatia yake tangu wakati huo, lakini jambo moja halina ubishi: sumu ya kutosha kuzua kesi ya mauaji ilikuwa ikiuzwa kwa ajili ya nzi na kuwekwa mezani karibu na chakula. Karatasi yenye gundi haikuwa na hatari hiyo. Ilichokosa ni usafi.

Walioshughulikia upungufu huo kwa makini ni familia ya Thum ya Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, Marekani. Bidhaa yao iliitwa Tanglefoot, na gundi yake ilichanganywa kwa utomvu wa msonobari na mafuta ya nyonyo. Mchanganyiko wa namna hiyo haukuwa siri kubwa. Mtu yeyote mwenye sufuria angeweza kuujaribu. Tatizo lilikuwa siku za joto. Gundi ililegea, ikatiririka hadi pembezoni mwa karatasi, ikadondokea meza na kulowesha vitambaa. Jibu la akina Thum lilikuwa kuizungushia karatasi ukingo wa nta. Nta haichanganyiki upesi na gundi hiyo, hivyo ilisimama kama ukuta mwembamba uliozuia gundi isivuke, na papo hapo ikampa mtu mahali pakavu pa kushika. Ukingo huo ulipewa hataza na kupiganiwa mahakamani dhidi ya washindani. Fikiria maana yake: katika bidhaa ambayo kazi yake yote ni kunata, kitu kilichostahili kupiganiwa kisheria kilikuwa ile sehemu isiyonata.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Theodor Kaiser, mtengenezaji wa vitamutamu wa mji wa Waiblingen karibu na Stuttgart, Ujerumani, alikuja na njia nyingine. Alikuwa mzoefu wa kuchemsha sukari, na alijua jinsi shira inavyobadilika kutoka uji hadi kigae. Utepe wake, ambao kampuni ya Aeroxon inaendelea kuutengeneza hadi leo, uliviringishwa ndani ya kijisilinda kidogo cha kadibodi chenye pini. Mtu huchomeka pini darini, hushika kijisilinda kwa chini, huvuta polepole, na utepe hushuka ukijisokota wenyewe. Tangu mwanzo hadi mwisho kidole hakigusi gundi. Meza imeachwa huru, mtoto hafiki, paka hafiki, na nzi, ambaye hupenda kutua juu ya vitu vinavyoning'inia, anajileta. Hata hivyo Kaiser alitatua nusu ya safari. Kuutundika utepe ni kazi safi, ila kuushusha ukiwa umejaa nzi ni balaa, na mtu mrefu akisahau kuinama hubaki nao kwenye nywele. Uchafu ulihamishwa kutoka mwanzo wa matumizi hadi mwisho wake.

Waliokwenda hadi mwisho ni Wajapani. Mwaka 1973 kampuni ya Earth ya Japani, ambayo miaka michache kabla ilikuwa katika hali mbaya kifedha hadi ikachukuliwa na kundi la Otsuka, ilitoa kijinyumba cha kadibodi kiitwacho Gokiburi Hoihoi. Kabla yake, Wajapani wengi walitumia visanduku vya plastiki vilivyomkamata mende akiwa hai, na mwenye nyumba akabaki na kazi ya kumzamisha majini. Kijinyumba cha Hoihoi kilikuwa na sakafu yenye gundi, kuta, paa na milango. Mende aliingia kufuata harufu ya chambo na hakuonekana tena; kikijaa, mtu alikitupa chote. Toleo la kwanza lilimtaka mnunuzi aipake gundi mwenyewe kutoka kwenye tyubu, na hapo vidole viliponzwa. Miaka michache baadaye tyubu iliondolewa, sakafu ikaja na gundi iliyokwisha kupakwa na kufunikwa kwa karatasi ya kubandua. Baadaye tena ukaongezwa mkeka mdogo mlangoni, wa kumfuta mende miguu kabla hajafika kwenye gundi. Tazama mabadiliko yote hayo: paa, karatasi ya kubandua na mkeka. Hakuna hata moja lililoongeza ukali wa gundi.

Kwa nini usafi usitoke kwenye gundi yenyewe? Kwa sababu kemia hairuhusu. Gundi ya seremala hupakwa ikiwa majimaji kisha ikakauka. Ya mtego haitakiwi kukauka kamwe. Mara nyingi hutengenezwa kwa polibuteni au aina ya mpira laini uliochanganywa na utomvu, na inabeba masharti mawili yanayovutana. Lazima iwe laini kiasi cha kujaza vinyweleo vya mguu wa mdudu katika dakika ileile anapokanyaga. Papo hapo lazima iwe ngumu kiasi cha kutokatika anapojivuta, na kutotiririka mchana wa Februari pale Tanga au Lamu. Carl Dahlquist, mkemia wa kampuni ya 3M ya Marekani, alionyesha katikati ya karne iliyopita kwamba kuna kiwango cha ulaini ambacho gundi ikishakuwa ngumu kukipita, haishiki tena kwa kuguswa tu. Ukiifanya gundi iwe ngumu ili isichafue, umeiua. Na ile iliyo laini vya kutosha kumshika mende ni laini vya kutosha kukushika wewe. Hakuna gundi inayotofautisha mguu na kidole, kwa hiyo kazi ya kutofautisha inabaki kwa umbo la mtego.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Anayepasua fenesi hupaka mafuta ya kupikia kwenye kisu na viganjani kabla hajaanza, maana utomvu wa fenesi ukishashika, maji na sabuni vitahangaika bure. Utomvu huohuo ndio wategaji wa ndege wamekuwa wakiutumia kutengeneza ulimbo. Gundi za mitego ziko vilevile: zinayeyuka kwenye mafuta na kuyapuuza maji. Kutokana na hilo tunapata mafunzo mawili. Kwanza, mtu aliyenaswa kidole asikimbilie bomba wala petroli. Kijiko cha mafuta ya kupikia na kitambaa kikavu vinatosha, kisha sabuni. Pili, na hili wauzaji hawalisemi, kinachokusafisha wewe ndicho kinachomwokoa mende. Mende aliyetembea juu ya jiko lenye mafuta ya chapati anafika kwenye gundi akiwa amepaka miguu kinga, na anaweza kuvuka. Ndiyo maana ule mkeka wa Wajapani una maana kubwa kuliko unavyoonekana, na ndiyo maana mtego uliowekwa juu ya jiko hunasa kidogo kuliko uliowekwa uvunguni mwa sinki.

Vumbi ni adui wa tatu, baada ya joto na mafuta. Gundi iliyo wazi kwenye nyumba ya sakafu ya saruji, yenye madirisha yaliyofunguliwa mchana kutwa, hufunikwa na vumbi na unga hadi ikawa karatasi ya kawaida. Mwenye nyumba huona mtego upo, kumbe umekufa zamani. Kadibodi za wazi tunazouziwa mitaani zinabeba kasoro hii pamoja na nyingine zote: hazina paa, hazina ukingo, hazina pa kushika, hazina namna ya kufungwa. Ni sawa na mahali walipokuwa akina Thum kabla ya kufikiria nta.

Mbunifu anayetaka kuanza kazi upya na aanze kwa kuhesabu nyakati ambazo mtu na gundi hukaribiana. Ni tano: kufungua, kuweka, kusogeza wakati wa kufagia, kukagua na kutupa. Kila wakati unahitaji jibu lake. Tuchukue boksi bapa la kadibodi la ukubwa wa kiganja. Gundi ipakwe katikati ya sakafu yake tu, na pembeni pote ubaki ukingo mkavu wa upana wa vidole viwili. Hapo ndipo mkono utashika, na hapo ndipo gundi iliyolegea kwa joto itakapoishia kabla haijafika nje. Karatasi ya kubandua, ile iliyopakwa silikoni, iwe na mkia mrefu unaotokeza mlangoni, ili mtu akunje boksi kwanza, aliweke mahali pake, kisha ndipo auvute mkia. Kwa mpangilio huo gundi inafunuliwa ikiwa tayari ndani ya nyumba yake. Mlango uwe na kizingiti cha kadibodi yenye mikwaruzo, cha kufutia miguu. Paa liwe na kidirisha kinachofunguka kwa ukucha, ili mtu ahesabu wadudu bila kuingiza mkono. Milango iwe na ndimi zinazokunjwa na kuchomekwa ndani siku ya kutupa, boksi likafungika lote. Na juu ya paa paachwe nafasi ya kuandika tarehe, maana mtego usio na tarehe huachwa hadi ukaoza.

Vipimo vya mlango vifuate mwili wa mdudu. Majumbani mwetu kuna mende wa aina mbili wanaosumbua zaidi. Yule mdogo wa kahawia wa jikoni, aitwaye mende wa Kijerumani, ana urefu wa sentimita 1.5 hivi, na akiwa mkubwa hupenda kujibana kwenye nafasi ya milimita 5 hivi, ambapo mgongo unagusa juu na tumbo linagusa chini. Yule mkubwa mwekundu wa kwenye chemba na mashimo ya vyoo hufikia sentimita 4. Huitwa mende wa Kimarekani ingawa asili yake ni Afrika. Wote hutembea wakipapasa ukuta. Boksi lililo katikati ya chumba wanalipita, lakini lililolala kando ya ukuta, mlango wake ukielekea njia yao, wanaliingia kwa hiari kwa sababu lina giza na linabana. Paa tuliloliweka kwa ajili ya usafi kumbe ndilo linalomvutia mdudu. Hii ndiyo dalili ya ubunifu mzuri: sehemu moja ikafanya kazi mbili.

Bado kuna mdudu asiyengoja kutegewa. Yupo ukutani sasa hivi, na mtu anataka kumwondoa sasa hivi. Kumpiga kwa kandambili huacha doa kwenye rangi na utumbo sakafuni, na mara nyingi hukosa. Sababu ya kukosa ni upepo. Mende ana vimkia viwili nyuma vyenye vinyweleo vinavyohisi hewa ikisukumwa, na huanza kugeuka akimbie kabla hata sehemu moja ya kumi ya sekunde haijapita. Nzi naye huona mwendo kwa haraka inayotushinda. Ndiyo maana Robert Montgomery wa Illinois alipopewa hataza ya kipiga nzi mwaka 1900, kifaa chake kilikuwa cha wavu wa waya: matundu hupitisha hewa, pigo likafika kabla ya upepo wake. Ubao bapa uliopakwa gundi na kufungwa kwenye mpini unapuuza elimu hiyo yote. Unasukuma upepo mbele yake, mdudu anakimbia, na gundi inabaki kwenye ukuta.

Kifaa cha mkononi kilicho bora kingekuwa na umbo la kifuniko chenye kina kifupi mwishoni mwa mpini. Mdomo wake ni mkavu na laini, na ndio pekee unaogusa ukuta. Kuta zake zina matundu madogo ya kupitisha hewa, yasiyotosha mdudu kutoka. Gundi imekaa ndani kabisa, kwenye kitako chembamba kinachobonyea. Mtu anausogeza mdomo polepole, anamfunika mdudu, anabonyeza mpini, kitako kinashuka na kumgusa mdudu mgongoni, kisha anaachia. Kitako kinarudi juu kikiwa na mdudu wake. Ukuta haukuguswa na gundi, mdudu hakupasuka, na doa hakuna. Duara la kadibodi lenye gundi linatolewa kwa kuvuta sikio lake kavu, linakunjwa katikati gundi kwa gundi, linatupwa, na jipya linapachikwa. Tena tunaona jambo lilelile: mdomo, matundu, sikio na mkunjo, vyote vikavu, ndivyo vinavyofanya gundi itumike.

Kuna ushahidi hata kwamba gundi yenyewe si lazima siku zote. Katika nchi za Balkani kama Bulgaria na Serbia, watu walitandaza majani ya maharage kuzunguka vitanda usiku; asubuhi waliyakusanya yakiwa na kunguni, wakayachoma moto. Mwaka 2013 watafiti wa vyuo vikuu vya California huko Irvine na Kentucky walieleza kinachotokea: majani hayo yana vinyweleo vyenye umbo la ndoana ambavyo humchoma kunguni miguuni na kumshikilia ndani ya sekunde chache. Wakajaribu kuviiga kwa plastiki. Nakala zilifanana sana kwa umbo, na kunguni walikwama kidogo, ila hazikuwachoma na kuwashika kama jani halisi. Kazi hiyo haijakamilika, na ni fundisho zuri kwa nchi ambazo maharage ni chakula cha kila siku. Mtego unaomshika mdudu na kumwacha binadamu apite bila kujua unawezekana. Mmea umekwisha kuutengeneza.

Sasa tuwasikilize wenye shaka, maana wana hoja. Wa kwanza anasema mtego haumalizi wadudu. Dawa ndiyo inayomaliza. Ni kweli kwamba boksi moja halitaondoa mende wote wa nyumba ya kupanga yenye familia sita na choo kimoja. Lakini hata dawa haimalizi kama inavyosifiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kwamba mende wadogo wa jikoni hujenga usugu hata kwa dawa ambazo hawajawahi kukutana nazo, na kwamba usugu huo uliweza kupanda mara 4 hadi 6 katika kizazi kimoja. Wengine wamebadilika hata ladha: watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walieleza mwaka 2013 jinsi baadhi yao wanavyoihisi glukosi kuwa chungu, wakakataa chambo chenye sumu kilichotiwa sukari hiyo. Isitoshe, jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 hadi karibu na kuanguliwa, na ganda la kifuko huyakinga dhidi ya dawa nyingi za kupuliza. Gundi haijali usugu. Anayeikanyaga amekwama, pamoja na kifuko chake, na watoto wakianguliwa wanajikuta juu ya gundi hiyohiyo.

Zaidi ya hapo, mtego una kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya: unatoa habari. Zanzibar inajua thamani ya habari hiyo. Wakati wa kampeni ya kutokomeza mbung'o kisiwani Unguja katika miaka ya 1990, kwa kuachia angani madume waliofanywa tasa kwa mionzi, mabango yenye gundi yaliyotegwa misituni ndiyo yaliyowaambia wataalamu mbung'o wamebaki wangapi na wako wapi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Bila mabango, hakuna ambaye angethubutu kusema kazi imekwisha. Jikoni ni vivyo hivyo kwa kiwango kidogo. Maboksi manne yaliyotegwa usiku mmoja yatamwonyesha mama mwenye nyumba kwamba mende hawatoki stoo alikokuwa akipuliza dawa kila wiki, bali nyuma ya friji, penye joto na unyevu. Hapo ndipo atakapoziba ufa, atakapokausha maji, na kama dawa inahitajika, ataitumia pale tu. Lakini habari hii inapatikana kwa mtego unaoweza kukaguliwa bila kinyaa. Mtego mchafu haukaguliwi.

Mwenye shaka wa pili anauliza kuhusu ukatili. Gundi haiui papo hapo, na haichagui. Hoja hii ni nzito, hasa kwa panya. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022, na tangu Julai 2024 ni kosa katika England kwa mtu asiye na leseni kutega panya kwa gundi. Sheria hiyo haigusi mitego ya wadudu, lakini sababu yake inatuhusu, kwa kuwa kadibodi za wazi za mitaani hunasa pia mijusi, vifaranga na hata ndege. Mjusi wa darini ni mwindaji wa wadudu asiyelipwa. Kumnasa ni kujipunguzia askari. Jibu, kwa mara nyingine, linapatikana kwenye umbo. Mlango uliofinywa ukatosha mende na kumzuia mjusi mkubwa, pamoja na paa linalozuia kifaranga kutua, unaondoa sehemu kubwa ya madhara hayo. Na aliyenaswa kwa bahati mbaya aokolewe kwa mafuta ya kupikia, taratibu, bila kumvuta. Kwa mdudu mwenyewe, mtego unaokaguliwa kila asubuhi na kufungwa unafupisha mateso kuliko kadibodi iliyosahauliwa nyuma ya kabati kwa mwezi mzima.

Wa tatu anataja bei na takataka. Kopo la dawa hutumika wiki nyingi, ilhali boksi hutupwa. Hapa inafaa kukumbuka kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Si busara kuleta takataka mpya ya plastiki kwa jina la usafi. Boksi linaweza kuwa la kadibodi tupu, na likatengenezwa hapahapa. Kukata, kukunja na kuchapa ni kazi za viwanda vidogo tulivyo navyo. Nyumba ya boksi inaweza kutumika mara nyingi ikibadilishwa sakafu tu. Na kwa asiye na shilingi ya ziada, ipo njia isiyo na gundi kabisa: gilasi au chupa yenye mdomo mpana, ndani yake kipande cha mkate, kwa nje izungushiwe karatasi ili mende apande, na ndani chini ya mdomo ipakwe mafuta mazito ya kujipaka. Mende hushuka kula na hawezi kupanda kutoka. Asubuhi wanamwagiwa maji ya sabuni. Ni mtego safi kwa sababu uleule: mkono una mahali pake, na mdudu ana mahali pake.

Wa nne anasema yote haya ni bure kama nyumba si safi. Ana haki, na mtego haubishani naye. Chakula kilichofunikwa, maji yaliyokaushwa usiku na nyufa zilizozibwa vitapunguza mende kuliko kifaa chochote. Ila mara nyingi hoja hii hutumika kuwalaumu wapangaji wanaoishi ukuta kwa ukuta na chemba iliyopasuka ambayo si yao kuitengeneza. Kwa watu hao, kuambiwa wasafishe zaidi hakutoshi, na kuuziwa chupa isiyo na lebo ni kuwahatarisha. Wanahitaji zana ya kati, ya bei ndogo, wanayoweza kuiweka chini ya kitanda cha mtoto bila hofu.

Zana hiyo haihitaji uvumbuzi mkubwa wa maabara. Gundi ipo tayari, na ina nguvu za kutosha tangu enzi za utomvu wa msonobari na mafuta ya nyonyo. Kinachokosekana katika masoko yetu ni ukingo mkavu, mkia wa kuvuta, paa na ulimi wa kufungia, vitu ambavyo fundi wa kukunja maboksi anaweza kuvitengeneza wiki hii. Mamlaka zinazosajili viuatilifu nazo zina nafasi: zikiitambua mitego iliyobuniwa vizuri na kuitaja katika mafunzo kwa umma, mchuuzi atapata sababu ya kuitanguliza mbele ya sumu. Na mnunuzi ana nguvu iliyo karibu zaidi. Kabla hajalipa, amwambie muuzaji aufungue mtego, auweke chini, kisha aufunge kana kwamba anautupa, mbele ya macho yake. Muuzaji akimaliza vidole vyake vikiwa vikavu, mtego huo unafaa kuingia ndani ya nyumba.